Sampuli ya Kumi na Nne

Maabara yetu Newala ina madirisha mawili,
moja halifunguki.
Msimu wa kupulizia mikorosho salfa
vumbi la njano hutua hadi kwenye jicho la hadubini,
nami hulifuta kwa pamba kabla sijawatazama
vimelea wangu.

Nasema wangu. Nawalisha damu yangu,
kundi O, mililita kumi kila Jumatatu.
Hewa tele hawaipendi, kwa hiyo nawasha mshumaa,
ule mweupe wa dukani kwa Chilumba,
nauingiza mtungini pamoja na sahani zao,
nafunika, nangoja.
Moto hula hewa mpaka unajizima wenyewe.
Hapo ndipo wanaponawiri:
gizani, joto la thelathini na saba,
kama ndani ya mtoto.

Bi Somoe Nampoto alitoka Kitangari
na mizizi kwenye pindo la kanga.
Mti hakuutaja.
"Mti una jina lake na mimi nina langu.
Andikeni langu."
Mkuu wetu akaandika: Sampuli ya 14.

Niliitwanga. Niliichemsha kama alivyoagiza,
sufuria wazi, bila kifuniko, mpaka povu liwe rangi ya kutu,
kwa maji ya ndoo niliyoyanunua, maana huku kwetu
maji hupanda mlima kwanza ndipo yanyweke.
Nikazimua: nusu, nusu ya nusu, nusu ya hiyo tena,
hadi kishimo cha mwisho kikawa maji
yanayoukumbuka mzizi kwa mbali.

Usiku ule umeme ukakatika.
Niliuviringisha mtungi kwa blanketi la mwanangu,
nikaupakata
mpaka jenereta ilipokubali kukohoa.
Nani aliwahi kuibembeleza malaria ilale?
Mimi.

Baada ya saa arobaini na nane, rangi, kioo, tone la mafuta.
Pete zilikuwepo.
Za buluu, nyembamba, kila moja na kito chake chekundu,
kana kwamba mji mzima umeposwa siku moja.
Kishimo hiki pete, na hiki pete.
Kwenye kile kikali kuliko vyote hazikuwepo,
lakini na chembe za damu zilikuwa zimepasuka:
nyumba imebomolewa ili panya atoke.

Jumamosi nilipanda bodaboda na karatasi kifuani.
Nilimkuta akipepeta mbaazi.
Nilikuwa nimejiandalia maneno, viwango, marudio, utafiti zaidi,
likatoka moja tu:
"Haikuua."

Akaendelea kupepeta.
"Huyo mdudu wa kwenye sahani, alikuwa na mtu?"
Hapana. Alikuwa na damu tu.
"Ya nani?"
Yangu.

Akauweka ungo chini.
"Ule ulikuwa mzizi wa ua wangu, wa kuni.
Walikuja wengine zamani, wakabeba gunia zima,
wakasema inafaa sana, inafaa mno, mama,
na vumbi la gari lao ndilo la mwisho tulilowaona.
Nikasema safari hii nitapima mimi kwanza."

Sikujua nicheke au nikasirike.
Wiki tatu. Mililita thelathini.

"Mjukuu wangu akishikwa homa namkimbiza zahanati,
achomwe kidole, anywe vidonge, sina ubishi.
Ila mama yangu alitunywesha kitu, tukiwa saba,
na tulikua wanne.
Kabla sijafa nataka kujua
wale wanne ilikuwa dawa
au ilikuwa bahati."

Akaingia ndani, akakawia.
Akatoka na fundo jingine, dogo, la kitambaa kilichopauka.

Leo ni Jumatatu. Nimejifunga mpira mkononi,
nimetafuta mshipa, nimeupata.
Kwenye daftari, safu ya jina la mmea,
mkuu hajaona bado,
nimeandika: Somoe.
Mtungi nimeufunika.
Mshumaa ungali unawaka.